Kupanga distro nyepesi ya Linux kwa kompyuta za RAM 2 GB: tuanzie wapi?

ChapaKazi64 aliuliza:

Wakuu, habari za majukumu.

Tuko watatu na tunataka kutengeneza distro (toleo letu la mfumo wa Linux) nyepesi kwa ajili ya maabara za kompyuta za sekondari na ofisi ndogo ndogo. Mashine zenyewe ni za mtumba: Core 2 Duo na Pentium Dual-Core, RAM 2 GB (chache zina 1 GB), diski za kuzunguka za GB 80 hadi 160, pamoja na netbook kadhaa za Atom. Intaneti ni ya bando, kwa modemu ya USB au simu.

Wazo letu ni kusakinisha Debian 13 kwenye mashine moja, kuondoa vya kuondoa, kuweka mandhari na programu zetu, kisha tukiridhika tunaigeuza diski nzima kuwa ISO (faili moja la kusakinishia). Kabla hatujaanza tunaomba maoni. Msingi uwe Debian, au Alpine na Void zitatufaa zaidi? Eneokazi liwe LXQt, XFCE au IceWM peke yake? Toleo la biti 32 bado lina maana? ISO tuibane hadi iingie kwenye CD ya MB 700? Na Kiswahili kiwe lugha ya kuanzia au kiwe chaguo tu?

---

Mzee wa Terminali alijibu:

Mkuu, kabla ya msingi na mandhari, jibuni swali moja: mashine imeshasakinishwa shuleni, miezi mitatu baadaye mnagundua kosa. Marekebisho yataifikiaje? Njia ya kugeuza diski kuwa ISO haina jibu. Mtatoa ISO mpya, na mashine za awali zitabaki na kosa lake mpaka mtu afunge safari akazifute. Tena picha ya namna hiyo hubeba uchafu wa mashine mama: `/etc/machine-id` moja kwa wote, funguo za seva ya SSH zilezile, na nywila za Wi-Fi ambazo NetworkManager ilizihifadhi kwenye `/etc/NetworkManager/system-connections/`.

Tumieni `live-build`. Debian yenyewe hutengeneza ISO zake za live (zinazowaka bila kusakinishwa) kwa chombo hicho, na kila kitu kinakuwa maandishi ndani ya saraka moja mnayoiweka kwenye git (trixie ni jina la Debian 13):

```
lb config --distribution trixie \
  --archive-areas "main contrib non-free non-free-firmware" \
  --apt-recommends false \
  --apt-http-proxy http://127.0.0.1:3142 \
  --chroot-squashfs-compression-type zstd \
  --debian-installer live
sudo lb build
```

Orodha ya pakeji inakaa kwenye `config/package-lists/eneokazi.list.chroot`, skripti za marekebisho kwenye `config/hooks/normal/0100-usafi.hook.chroot`. Kila skripti ianze na `set -e`, la sivyo amri ikifeli katikati ujenzi unaendelea kama vile hakuna kilichotokea, na mnakuja kuligundua kosa ISO ikiwa imeshawaka. Hiyo poti 3142 ni ya apt-cacher-ng, inayohifadhi pakeji zilizopakuliwa ili zisipakuliwe tena. Bando lenu litawashukuru, ila anwani ya kioo cha Debian (seva ya nakala zake) iwe ya http, maana ya https hupita bila kuwekwa kwenye kache. Mkitaka kuanza upya, `lb clean` peke yake huacha saraka ya `cache/`. `--purge` inafagia vyote.

Sasa kosa ambalo distro nyingi ndogo hulifanya: mipangilio yote inatupwa `/etc/skel` kupitia `config/includes.chroot`. Skel hunakiliwa mara moja tu, pale mtumiaji anapoundwa. Mkibadilisha kitu baadaye, waliopo hawakioni. Tengenezeni pakeji tatu za `.deb` na hazina yenu ndogo: moja ya ufunguo wa hazina, moja ya mipangilio, na metapakeji isiyo na faili lolote, yenye `Depends` tu, inayosema eneokazi lenu ni nini. Mkiamua kubadili kihariri maandishi, mnabadilisha mstari mmoja kwenye metapakeji na kila mashine inakipata kwa `apt upgrade --with-new-pkgs`.

Ndani ya pakeji ya mipangilio msiguse faili za `/etc` zinazomilikiwa na pakeji nyingine. Ukiihariri conffile (faili la mipangilio) ya mwenzako, siku Debian inapotoa toleo jipya la faili hiyo dpkg itasimama katikati ya usasishaji na kuuliza abaki na ipi, na mwalimu wa zamu hajui ajibu nini. Wekeni vipande vyenu pembeni: `/etc/sysctl.d/`, `/etc/systemd/` kwenye saraka za `.d`, na mipangilio ya eneokazi kwenye `/etc/xdg/xdg-jinalenu/`, halafu faili fupi ndani ya `/etc/X11/Xsession.d/` iitangulize saraka hiyo kwenye `XDG_CONFIG_DIRS`. Lubuntu hufanya hivyohivyo kwa `/etc/xdg/xdg-Lubuntu`. Jina la distro kwenye `/usr/lib/os-release` ni mali ya `base-files`, kwa hiyo tumieni `dpkg-divert` kwenye `preinst`. Mkiliandika juu kwa nguvu, sasisho la kwanza la `base-files` litalirudisha la Debian. Na humo ndani wekeni `ID_LIKE=debian` na `VERSION_CODENAME=trixie`, kuna skripti nyingi za watu wengine zinazosoma mistari hiyo.

Hazina yenyewe `reprepro` inatosha, ni faili tu, seva yoyote ya wavuti inazibeba. Andikeni kwenye kalenda tarehe ya ufunguo wa GPG kuisha. Ukiisha kabla hamjasambaza mpya, `apt update` inakataa hazina yenu kwenye mashine zote kwa siku moja, na pakeji ambayo ingebeba ufunguo mpya iko humohumo kwenye hazina iliyokataliwa.

Kuhusu msingi: Core 2 Duo haina maelekezo ya SSE4.2 wala POPCNT, kwa hiyo haifiki x86-64-v2 (kiwango cha pili cha prosesa za biti 64). RHEL 9 (ya Red Hat) na jamaa zake wanadai v2, RHEL 10 inadai v3. Debian amd64 bado inakubali prosesa yoyote ya biti 64. Alpine ni nyepesi kweli, lakini inatumia musl badala ya glibc (maktaba ya msingi ya distro nyingi), na draiva za printa ambazo watengenezaji hutoa zikiwa zimeshakompailiwa kwa glibc hazitawaka hapo bila kuhangaika. Void husasishwa mfululizo, na kwa bando hilo ni gharama ya kila wiki. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, ina miaka mitatu ya usaidizi kamili na LTS yake (usaidizi wa muda mrefu) inafika Juni 2030. Watu watatu hamwezi kubeba zaidi ya hapo.

---

pwani_binari alijibu:

Naunga mkono yote ya Mzee. Niongeze upande wa RAM, maana hapo ndipo distro "nyepesi" nyingi hujidanganya.

Bajeti ipangwe kutoka kwa kivinjari kurudi nyuma. Kwenye 2 GB, Firefox yenye vichupo vichache vya tovuti za siku hizi inaweza kumeza GB 1 bila aibu. Kwa hiyo wekeni sharti: baada ya kuingia, mfumo mzima usizidi MB 400 kwenye mashine ya 2 GB. Tofauti ya MB 100 kati ya eneokazi moja na jingine itaonekana kwenye mashine ya GB 1. Kwenye ya GB 2 mtumiaji hataihisi.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaja LXQt moja kwa moja. LXQt 2.1 iliyomo kwenye Debian 13 inatumia Qt 6, lakini Firefox ni ya GTK 3. Mtumiaji akifungua kivinjari, mashine inapakia familia mbili za maktaba kwa pamoja, na kwenye diski ya kuzunguka huo usomaji wa ziada unahisiwa. XFCE 4.20 inatumia GTK 3 hiyohiyo, maktaba zinashirikiwa, na LibreOffice unaiwekea `libreoffice-gtk3` tu. Chagueni familia moja ya maktaba mkae nayo. Programu moja ya Qt ikiingia kwenye orodha, ulizeni kama kuna mbadala wa GTK. Kwa zile za GB 1, wekeni IceWM kama kikao cha pili kwenye skrini ya kuingilia. Zima kompozita ya XFCE (madoido ya madirisha) kwa chaguo-msingi, michoro ya GMA ya Intel haiwezi kazi hiyo.

Kupima: someni safu ya `available` ya `free -m`, kwa sababu `used` haiwaambii ni kiasi gani cha kache kinaweza kurudishwa. Kujua nani anakula nini, `smem -tk` safu ya PSS, ambayo hugawa maktaba zinazoshirikiwa kwa haki. Na mpime kwenye chuma halisi. Ndani ya QEMU (kompyuta ya kuigiza) isiyo na kadi ya michoro, Mesa huchora kwa prosesa kupitia llvmpipe na namba zinavimba.

Baada ya hapo zram, yaani swap iliyobanwa ndani ya RAM. Sakinisheni `zram-tools`, kwenye `/etc/default/zramswap` wekeni `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`. Prosesa ikiwa dhaifu sana, `lz4` inabana kidogo lakini haichoshi. Kisha kwenye sysctl `vm.swappiness=150` na `vm.page-cluster=0`. Mtu aliyezoea ushauri wa zamani wa swappiness 10 atashtuka, ila ushauri ule ulihusu swap ya diski. Tangu kerneli 5.8 kikomo ni 200, na swap iliyoko ndani ya RAM ni nafuu kuliko kutupa kache ya faili na kuisoma tena kwenye diski. Ongezeni `earlyoom`, inayofunga programu kabla RAM haijaisha. Bila hiyo, RAM ikijaa mashine huganda dakika nzima, taa ya diski ikiwaka mfululizo, mtumiaji anachomoa umeme.

Jambo jipya la Debian 13 linalowapita wengi: `/tmp` sasa ni tmpfs (hukaa ndani ya RAM) kwa chaguo-msingi, na inaruhusiwa kula hadi nusu ya RAM. Programu ikiweka faili la MB 500 humo kwenye mashine ya GB 1, kazi imekwisha. Pakeji yenu ya mipangilio ibebe kiungo cha `/etc/systemd/system/tmp.mount` kinachoelekea `/dev/null`, na `/tmp` inarudi kwenye diski.

CD ya MB 700 sahauni. Ili kufika hapo mtalazimika kubana squashfs (faili linalobeba mfumo wa live) kwa xz, ambayo hupunguza ukubwa lakini Core 2 itatoka jasho kuifungua kila programu inapowaka kutoka kwenye flashi. zstd inaongeza MB kadhaa na kufunguka kwake ni haraka mara nyingi zaidi. Lengo liwe chini ya GB 1.5. Mkipanga kusambaza kupitia GitHub Releases, kumbukeni kila faili sharti liwe chini ya GiB 2.

---

Nyavu alijibu:

`--apt-recommends false` ni sahihi, lakini inauma. Vitu vinavyopotea kimyakimya, viandikeni kwa jina kwenye orodha:

`modemmanager`, `usb-modeswitch` na `mobile-broadband-provider-info`. Bila ya kwanza NetworkManager haiioni modemu. Bila ya pili baadhi ya modemu hubaki zikijitambulisha kama CD yenye draiva za Windows. Ya tatu ndiyo yenye orodha ya APN za mitandao ya simu. Ongezeni `wpasupplicant`, `wireless-regdb` na `libpam-systemd`.

`gvfs` na `gvfs-backends`. Zikikosekana, kidhibiti faili hakina pipa la taka wala hakioni simu iliyochomekwa kwa waya.

`systemd-timesyncd`. Hii kwenu ni ya lazima. Kompyuta za mtumba nyingi betri ya CR2032 imekufa, saa inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika. Matokeo yake kivinjari kinalalamika kuhusu vyeti vya tovuti, na `apt update` inasema faili la Release bado halijaanza kuwa halali. Mtu anadhani hazina imeharibika. timesyncd huhifadhi muda wa mwisho kwenye `/var/lib/systemd/timesync/`, na mashine ikiwaka na saa iliyo nyuma ya hapo huisogeza mbele hata kabla ya intaneti kupatikana. Bado betri ibadilishwe, ni bei ya soda.

Kwenye majaribio, msiishie QEMU. Ianzeni hivi kwa kila ujenzi:

`qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 1024 -smp 2 -cdrom live-image-amd64.hybrid.iso`

halafu rudieni na `-bios /usr/share/ovmf/OVMF.fd` kupima UEFI (mrithi wa BIOS). Ikipita, chukueni mashine tatu halisi zisizofanana: moja ya BIOS ya kale, moja ya UEFI yenye Secure Boot (ukaguzi wa sahihi wakati wa kuwaka), na kitu cha Atom ya Bay Trail. Hii ya mwisho mara nyingi ina prosesa ya biti 64 lakini UEFI ya biti 32. ISO isiyo na `bootia32.efi` ndani ya `EFI/boot` haitatokea hata kwenye menyu yake. Kwa Secure Boot, tumieni `shim-signed`, GRUB na kerneli za Debian zilivyo. Mkikompaili kerneli yenu "ili iwe nyepesi", sahihi zinapotea, masasisho ya usalama ya kerneli yanakuwa juu yenu, na RAM mtakayookoa ni kidogo mno.

Jambo la leseni, kwa kuwa mtasambaza kwa flashi: GPL inawadai muweze kutoa chanzo cha programu mnazosambaza. Hifadhini orodha kamili ya pakeji na matoleo yake kwa kila ISO. live-build huacha faili la `.packages` pembeni ya ISO. snapshot.debian.org ina vyanzo vya matoleo ya nyuma ya pakeji za Debian, lakini mkiuza au kugawa flashi mkononi, wekeni chanzo kwenye flashi nyingine au ahadi ya maandishi ya miaka mitatu.

---

ChapaKazi64 alijibu:

Asanteni sana wakuu, mpango wa diski kuwa ISO tumeutupa. Yamebaki matatu. Biti 32: tunaziacha kabisa? Kiswahili je? Na laptop kadhaa zina Wi-Fi ya Broadcom, `lspci -nn` inaonyesha 14e4:4315, kwenye live haipo kabisa.

---

Mzee wa Terminali alijibu:

Kwanza hakikisheni ni ngapi. `grep -w lm /proc/cpuinfo` ikitoa kitu, prosesa ni ya biti 64 hata kama Windows iliyokuwemo ilikuwa ya 32. Core 2 zote zinapita. Atom N270 na N280 hazipiti, N450 inapita. Debian 13 haina tena kerneli wala kisakinishi cha i386. Firefox nayo ilifikisha biti 32 kwenye Linux hadi toleo la 144, waliobaki wanaegemea ESR 140 (toleo la usaidizi mrefu). Kudumisha tawi la pili kwa ajili ya netbook chache zenye GB 1 kutakula muda wote wa mtu mmoja kati yenu watatu. Hizo zipeni antiX (distro nyingine nyepesi) ya biti 32 na muendelee na kazi.

Kiswahili: glibc ina `sw_TZ` na `sw_KE`, na kwenye `/etc/locale.gen` mstari unaandikwa `sw_TZ UTF-8`. Wekeni `hunspell-sw` ili LibreOffice isahihishe tahajia, maana hiyo inatumika kila siku. Menyu ni habari nyingine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kwa hiyo kutafsiri kunawezekana, lakini maneno mapya huingia kila toleo na lazima awepo mtu wa kuyafuata. Leo mkiwasha Kiswahili kila mahali mtapata menyu moja yenye "Faili" na chini yake "Preferences". Kiacheni kiwe chaguo kwa `LANGUAGE=sw:en`, tafsirini kwanza vile mlivyoandika wenyewe: skrini ya kukaribisha, mwongozo, ujumbe wa makosa.

---

Nyavu alijibu:

14e4:4315 ni BCM4312, ile yenye usumbufu. Njia ya draiva ya `b43` inahitaji firmware (programu ya ndani ya kadi) ambayo leseni yake hairuhusu kugawa. Pakeji ya `firmware-b43-lpphy-installer` huipakua mtandaoni wakati wa kusakinishwa, na mtandao wenyewe ndio hamna. Kuichomeka kwenye ISO kupitia hook ni kuvunja leseni.

Njia nyingine ni `broadcom-sta-dkms`, iko `non-free` (tofauti na `non-free-firmware`, ndiyo sababu zote mbili ziwepo kwenye `--archive-areas`). Inakompailiwa kwenye mashine yenyewe, kwa hiyo inavuta `dkms`, gcc na `linux-headers-amd64`. Msiziweke kwenye mfumo wa kila mtu. Wekeni `.deb` zake zote kwenye saraka ya pembeni ndani ya ISO, pamoja na skripti inayosoma `lspci -n` na kuzisakinisha iwapo tu 14e4:4315 imeonekana. Headers lazima ziwe za toleo lilelile la kerneli iliyomo. Mkisahau kuzijenga upya pamoja na ISO, dkms itashindwa na sababu iko kwenye `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms/`. Metapakeji ya `linux-headers-amd64` isiondolewe baada ya hapo, vinginevyo kerneli ikisasishwa Wi-Fi inapotea tena.

Kwa mashine mbili tatu tu, USB tethering ya simu ya Android inawaka bila firmware yoyote. Chomeka, washa tethering, `apt install broadcom-sta-dkms linux-headers-amd64`, kisha `modprobe -r b43 ssb` na `modprobe wl`. Headers na gcc zitakula bando la kutosha, kwa hiyo mashine ya pili na kuendelea ielekezeni kwenye apt-cacher-ng yenu.